Ndege Wawili wa Bwawani

Oketch alipoondoka kwenda Kampala kutafuta kazi ya kiwandani, mkewe Risper Amolo alibaki Kambi Muru, pale Kibera, kwenye chumba kimoja cha kukodi. Ulikuwa mwaka wa 1969. Oketch alisema akishapata nyumba atatuma mtu aje amchukue. Alituma salamu mara mbili kupitia kwa watu wa kwao, halafu salamu zikakatika.

Misimu ilipita, ndipo mwanamume mmoja wa Seme, kwao kando ya ziwa, akiwa anarudi kutoka Uganda, akabisha mlangoni. Risper alimpikia chai. Yule mtu aliinywa yote kwanza, akaweka kikombe sakafuni, akakiangalia.

"Shemeji, Oketch nilimwona Jinja. Ni mzima."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya. Amenenepa hata." Akakisogeza kikombe kwa kidole. "Ana bibi huko. Na watoto."

"Aliniulizia?"

"Tulionana kwa haraka, shemeji."

Basi Risper akawa si mjane wala si mke wa mtu. Kurudi Seme hakungewezekana kirahisi. Hakuwa amezaa, na shemeji yake mkubwa alikuwa tayari amepitisha jembe la ng'ombe pale mahali ambapo nyumba yake ingejengwa. Angerudi kwa nani? Akakaa Nairobi. Alilima kipande chembamba cha ardhi kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto unaoingia bwawani, chini ya nyumba za mwisho za Kambi Muru. Alipanda sukuma, na katikati ya sukuma akapanda osuga, zile mboga chungu za kwao, kwa mbegu alizokuwa amezifunga kwenye pindo la leso tangu siku aliyopanda treni. Mboga aliziuza Lindi, hapo hapo Kibera, mlangoni kwa duka la mtu. Na kila Jumapili alipanda juu Woodley, akavuka Barabara ya Ngong, akaenda kwa miguu hadi Kawangware, ambako alikuwa amepata kazi ya kufagia na kupiga deki ukumbi wa kanisa moja la mabati baada ya ibada.

Hapo kanisani ndipo alipokikuta Kikundi cha Bustani.

Wanakikundi walikuwa watu wa Kawangware wenyewe, waliozaliwa hapo, wenye ploti. Mwenyekiti alikuwa mzee Ishmael Gachanja, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa amefanya kazi kwenye kitalu cha miti kabla ya uhuru, na ambaye hata kanisani alikuja na udongo chini ya kucha. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi walivuta mabenchi yakaelekeana, na kila mtu akasimama kusema mambo matatu: mbingu ilifanya nini mwezi huo, udongo uko aje, na ameona kiumbe gani, awe ndege, mnyama au mdudu. Gachanja alikuwa ameanzisha desturi hiyo baada ya mwaka mmoja mvua ya mawe kupondaponda kabichi za kijiji kizima, huku mama mmoja akisema kwamba yeye aliona dalili lakini hakujua amwambie nani.

Risper alikuwa akifagia polepole siku hizo ili asikie. Mwanzoni hakuelewa, maana waliongea Kikuyu, lakini alielewa mikono yao. Aliona Chege, fundi wa viatu, akionyesha kwa vidole jinsi siafu walivyopanda kutoka mtoni wakiwa wamebeba mayai. Aliona watu wakicheka, wakibishana, wakipigana makofi mgongoni. Siku moja mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyeitwa Gathoni, akageuka kwenye benchi akamwambia kwa Kiswahili:

"Wewe mama, unafagia hapo hapo tu tangu tuanze. Huna shamba?"

"Niko na kipande kidogo. Kibera."

"Si ukae basi."

Risper akaegemeza ufagio ukutani, akakaa pembeni mwa benchi. Mzee Gachanja akakohoa. "Tuongee Kiswahili," akasema. "Kuna mgeni."

Wakaongea Kiswahili. Risper alishukuru, lakini alitambua mara moja jinsi maneno yalivyopungua. Yale mabishano yaliisha. Kila mtu alisimama, akasema mvua ilinyesha, akasema fuko amekula viazi, akakaa. Mtu aliyekuwa ameanza kisa kirefu alikifupisha. Kilikuwa kikundi kile kile, lakini kama watu waliovaa viatu vya kubana, na aliyewavisha viatu hivyo alikuwa yeye.

Zamu yake ilipofika alisema, "Mvua ilinyesha. Mboga iko sawa."

"Na ndege?" mzee akauliza.

"Mwewe tu. Wanaiba nyama kwa bucha."

Wachache wakatabasamu, na zamu ikapita kwa mwingine.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Wanawake wengine wote pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Kariuki, Mama Wambui. Yeye alikuwa Risper tu, au, wakidhani hasikii, yule Mjaluo wa ufagio. Hawakumchukia. Walimsogezea benchi, walimpa chai. Ila ilipofika saa ya kwenda nyumbani, waliondoka wawili wawili, watatu watatu, na yeye akabaki kurudisha mabenchi mahali pake.

Kati ya Jumapili moja ya kikundi na nyingine kulikuwa na mwezi mzima. Katika mwezi huo maneno aliyoyasema Risper kwa binadamu yalikuwa ya mboga: chukua hii, hii ni ya leo, nikuongeze kidogo. Bado alisonga ugali wa watu wawili, kwa mazoea ya mkono, akaumaliza siku ya pili ukiwa baridi. Akiwa shambani alijizoesha maneno atakayosema kwenye kikundi. Aliyasema kwa sauti, akayabadilisha, akayapanga vizuri. Halafu akisimama mbele ya watu yalimpotea yote, akasema mvua ilinyesha na mboga iko sawa.

Mwaka wa 1973, mvua ndefu zilipokuwa zimekolea, kikundi kilijaa kuliko kawaida. Chege alisimulia habari za nungunungu aliyeingia jikoni kwake, na kwa raha ya kisa akasahau, akateleza kwenye Kikuyu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Risper. Machozi ya kicheko yalikuwa bado yakipanguswa mzee Gachanja alipomgeukia.

"Risper?"

Alisimama. Hakuwa amepanga kusema alichosema.

"Nimeona ndege wawili kando ya bwawa," akasema. "Lile bwawa la kwetu huko chini. Wakubwa. Wana taji."

"Taji ya nini?" Chege akauliza.

"Taji. Nywele za rangi ya dhahabu, zimesimama hapa kichwani. Shavu ni jeupe. Hapa kooni kuna kitu chekundu kinaning'inia. Na wanacheza."

"Ndege wanacheza?"

"Wanacheza. Huyu anainamisha kichwa hivi, anafungua mabawa, anaruka. Mwenzake anangoja kwanza. Halafu na yeye anaruka." Bila kujua alikuwa amenyoosha mikono, na goti moja limeinuka chini ya rinda.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameinama mbele. Mzee Gachanja alikuwa amevua miwani.

Ndege hao aliwajua vizuri. Walikuwa wakishuka kwenye mtama wa baba yake, ukingoni mwa ziwa, alipokuwa msichana mwenye kazi ya kufukuza ndege. Baba yake alimwambia wale wenye taji awaache, kwa hiyo alikaa chini akawaangalia. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa mahali.

Mwezi uliofuata, kabla hata hajakaa, Gathoni alimwuliza, "Ndege wako wako aje?" Na Risper akasema wamejenga kiota kwenye matete. Mwezi mwingine wakawa wametaga. Halafu kukawa na kifaranga, rangi ya udongo, kinachomfuata mama yake kwenye maji ya kina kifupi. Watu walimwuliza maswali naye akayajibu yote bila kusita. Alipokuwa akishuka barabarani, mtu kutoka mlango wa duka aliita, "Mama Ndege! Habari ya kifaranga?" Jina likashika. Hata mchungaji alimwita hivyo. Risper alikuwa akitembea kutoka Kawangware hadi Kibera na jina hilo mdomoni kama peremende, asitake liishe.

Hakuona kwamba amedanganya.

Ndipo mzee Gachanja akasimama mwisho wa kikao akasema, "Mwezi ujao hatukutani hapa. Tunaenda Kibera kwa Mama Ndege, tuone wenyewe. Mwalimu wa shule amekubali kutuazima darubini."

"Huko kuna matope, mzee," Risper akasema haraka.

"Tutavaa gambuti."

"Na nyumba yangu ni ndogo."

"Tutabanana," Gathoni akasema, na watu wakafurahi.

Mwezi huo wote Risper alishuka bwawani kila asubuhi kabla ya kuchuma mboga. Aliona ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Aliona bata wa porini, na wale ndege wa kijivu wanaopiga kelele alfajiri kana kwamba wameibiwa. Siku za wikendi aliona mashua ndogo za matanga za matajiri zikizunguka katikati ya maji. Alitembea ukingo wote mpaka pale matope yanapomeza mguu. Aliomba, na hakujua kama inafaa kuomba jambo la namna ile.

Jumapili yenyewe walikuja wote, wamevaa nguo za kanisani, gambuti zikiwa mikononi. Majirani wa Kambi Muru, ambao hawakuwa wamewahi kumwona Risper akitembelewa na mtu isipokuwa wakala wa kodi, walitoka milangoni. Mmoja akaleta stuli, mwingine akaleta vikombe. Risper alikuwa amekaanga samaki, akasonga ugali mkubwa, na osuga alikuwa amezichemsha na maziwa tangu jana yake mpaka uchungu ukaisha. Walibanana kitandani, sakafuni, kwenye ngazi ya mlango. Njambi, mama mkali ambaye kwa kawaida hakusifu kitu, aliomba kuongezwa mboga.

"Hizi unapika aje? Mimi najua ni chungu."

"Unalaza na maziwa. Usiharakishe."

Chege akarudia kisa cha nungunungu, safari hii kwa Kiswahili, na kila mtu akacheka tena. Risper naye alicheka. Alisimama na sufuria mkononi, akaangalia vichwa vile vyote ndani ya chumba chake, jasho likimtoka kwa joto la jiko na la watu. Alitamani mvua kubwa inyeshe wasiweze kutoka. Nje jua lilikuwa likiwaka.

"Haya," mzee Gachanja akasema, akinawa mikono. "Twende."

Bwawani walijipanga ukingoni. Mzee alishika darubini kwa mikono miwili, akaipitisha taratibu kwenye matete, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia.

"Wako upande gani?"

"Walikuwa pale."

Wakaenda pale. Wakaenda mahali pengine. Gambuti ya Wangoi, dada yake Njambi, ikanasa kwenye matope, ikabidi avutwe. Karibu na hapo kulikuwa na mwanamume anayekata matete ya kutengenezea mikeka. Njambi akamwuliza kama amewaona ndege wenye taji.

"Hapa?" yule mtu akasema. "Mimi nakata hapa kila siku, mama. Sijaona."

Wote wakamgeukia Risper. Angeweza kusema ndege wamehama. Maneno hayo yalikuwa tayari, alikuwa amejizoesha kuyasema. Lakini Gathoni alikuwa akimtazama kwa huruma iliyomshinda kuliko hasira, na maneno mengine yakamtoka.

"Wako kwetu," akasema. "Wako Seme, ziwani. Hapa sijawahi kuwaona."

Yule mkata matete akarudi kwenye kazi yake.

"Nimemwambia mwalimu," mzee Gachanja akasema. Hakupaza sauti. "Mchungaji ametangaza kanisani." Akaikunja kamba ya darubini, taratibu, akaitia ndani ya kifuko chake. "Risper, sisi tunapanda kwa maneno ya kila mtu. Mtu akisema mvua imefika kwake na haijafika, mwenzake anamwaga mbegu bure. Ndiyo kazi ya kikundi. Hatukai pale kupiga hadithi."

"Najua, mzee."

"Kama unajua basi."

Walipanda mteremko kwa mstari, wakiongea kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu. Gathoni aligeuka mara moja juu kabisa, kisha akawafuata wengine. Risper alirudi chumbani. Sahani zilikuwa zimejaa kila mahali, na miiba ya samaki, na kwenye kitanda shimo la watu waliokuwa wamekaa. Alileta maji kutoka kibandani akaanza kuosha. Jirani akaja kuchukua vikombe vyake.

"Wageni wako wameenda mapema."

"Wanatoka mbali," Risper akasema.

Hakufukuzwa kazi ya ukumbi, wala hakuna aliyemtaja kanisani. Yeye mwenyewe ndiye aliyebadilisha utaratibu. Jumapili za mwisho wa mwezi alikaa nje upande wa nyuma, chini ya dirisha, mpaka wamalize, ndipo akaingia kufagia. Ndani waliongea Kikuyu chao kwa kasi, na kucheka kulikuwa kumerudi. Hakuna aliyetoka kumwita. Alingoja miezi kadhaa apate kusikia jina lake, hata kwa kusengenywa, na hakulisikia.

Baridi ya Julai ya mwaka uliofuata, asubuhi yenye ukungu, mtu alishuka kwenye mteremko akishikilia sketi isishike umande. Alikuwa Gathoni. Risper aliinuka na jembe mkononi.

"Mimi sikuja kwa mambo ya ndege," Gathoni akasema kabla ya salamu. "Nimekuja kuomba mbegu za ile mboga."

Wakakaa kwenye jiwe. Risper akafungua pindo la leso, akahesabia kiganjani mwake mbegu ndogo ndogo kama vumbi. Gathoni alikuwa amekonda. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheusi.

"Mzee wangu, baba watoto, tulimzika mwezi wa tano," akasema.

"Pole sana, mama. Sikusikia."

"Ungesikia aje." Gathoni alifunga mbegu kwenye kipande cha gazeti. "Ile siku ya kwanza uliposema vile wanacheza, nilienda nyumbani nikamwonyesha. Alikuwa tayari kitandani. Nikaruka hapo mbele yake, na huu mwili wangu. Alicheka mpaka akakohoa, mtoto akakuja kuuliza kuna nini. Sikumbuki akicheka tena baada ya hapo." Akalitia lile gazeti mfukoni. "Kwa nini ulisema?"

Risper alichimba udongo kwa kidole. "Kila mtu alikuwa na kitu."

Gathoni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa njia. Aliposimama kuondoka akasema, "Jumapili ya mwisho usikae nje. Kuna baridi."

Risper alirudi kwenye benchi. Mzee Gachanja alimwuliza kama alivyowauliza wengine, "Umeona nini?" naye akasema alichokiona, na kila mara alisema pungufu ya alichokiona, kwa woga. Siku moja alimwona kweli fisi maji akitoka mtoni chini ya shamba lake, ana samaki mdomoni, mchana kabisa. Hakumtaja. Jina la Mama Ndege halikutamkwa tena na mtu yeyote.

Lakini alikuwa na Gathoni. Si kila wiki, kwa sababu njia ni ndefu na kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Walitembeleana msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna, wakaketi, wakaongea habari za mboga na miguu inayouma. Gathoni alijifunza kulaza osuga na maziwa. Risper alikuja kuelewa Kikuyu kidogo kidogo, kwanza cha shambani, halafu cha msibani. Kwa mwanamke ambaye hakuwa na mtu mwingine, hilo lilikuwa jambo kubwa, na alilitunza bila kulisema.

Kuelekea mwisho wa miaka ya sabini Kawangware ilianza kubadilika. Watu walimiminika kutafuta vyumba, na wenye ploti waligundua kwamba chumba cha mabati hakihitaji mvua. Njambi aling'oa viazi akajenga mistari miwili ya vyumba. Chege aliuza sehemu yake akahamia Limuru. Kila mwezi benchi moja halikuvutwa. Vijana wa Gathoni walijenga mpaka kwenye mlango wa jikoni, na mama yao, ambaye sasa alipumua kwa shida, wakampeleka kwa binti yake Kinangop, kwenye hewa safi. Aliondoka katikati ya wiki. Risper alipofika Jumapili na fungu la mboga, alikuta chumba cha Gathoni kimepangishwa. Habari ya kifo chake ilimfikia kupitia tangazo la mchungaji, kati ya tangazo la harusi na la mchango wa paa. Mazishi yalikuwa yamepita. Risper alikaa mpaka watu wote wakatoka, kisha akafagia ukumbi, kwa sababu ilikuwa siku ya kufagia.

Ilipofika 1984, mwaka ambao mvua ndefu hazikuja na watu wakapanga foleni za mahindi ya njano, kikundi kilikuwa mzee Gachanja na Risper. Mzee alitembea na fimbo. Walivuta mabenchi mawili tu, yakaelekeana, wakakaa.

"Mbingu?" mzee akauliza.

"Kavu."

"Udongo?"

"Umepasuka. Sukuma imebaki mishipa."

"Viumbe?"

"Wale ndege weupe wa bwawani wamehama. Maji yamerudi nyuma sana, mzee. Mtu anaweza kutembea mahali ambapo mashua zilikuwa zinapita."

Mzee aliegemeza kidevu kwenye fimbo. Akaanza kuongea, na alikuwa akiongea Kikuyu. Hakutambua. Alieleza habari za njaa nyingine aliyoiona akiwa mtoto, jinsi mama yake alivyochemsha mizizi, jinsi ndugu yake mdogo alivyolala asiamke. Aliongea kwa muda mrefu, bila kufupisha. Risper hakumkatiza. Aliyaelewa karibu yote, na pale asipoelewa aliitikia kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani anavyoitikia.

Alipomaliza mzee alishtuka. "Nimekuongelea Kikuyu."

"Nimesikia, mzee."

Mzee alimtazama muda mrefu kwa macho yake yaliyoingia ukungu. Ilionekana kana kwamba anataka kusema kitu zaidi. Lakini akasema tu kwamba miguu imekufa ganzi, amsaidie kuinuka. Risper akamshika chini ya kwapa. Alikuwa mwepesi kama kuni zilizokauka.

Mvua ilirudi Oktoba. Ilianza alasiri moja kwa matone makubwa yaliyopiga mabati ya Kambi Muru kama mtu anayemwaga maharagwe, na watu wakatoka nje na mabeseni, watu wazima wakiruka kama watoto. Haikuwa mwisho wa mwezi. Risper hakuweza kungoja. Kesho yake alijifunika gunia kichwani, akapanda Woodley, akavuka Barabara ya Ngong, akaenda Kawangware katika manyunyu, akipanga maneno: imenyesha kwetu tangu jana alasiri, imeingia udongoni kiasi cha kiganja, kumbikumbi wametoka upande wa juu.

Mlango wa mzee Gachanja ulikuwa na kufuli. Uani, chini ya upenu, mwanamke kijana wa Kikamba, mpangaji, alikuwa akipiga pasi ya makaa. Jina lake lilikuwa Mukai.

"Unatafuta mzee? Kijana yake amekuja na gari wiki iliyopita. Amempeleka Nakuru. Alikuwa ameanguka bafuni."

"Atarudi?"

"Sijui, mama. Vitu vyake pia walibeba. Hapa wanataka kujenga." Mukai alimtazama jinsi alivyolowa. "Ulikuwa na shida gani? Nikimwona kijana nimwambie."

"Ni mambo ya kikundi," Risper akasema. "Mwambie mvua imefika Kibera."

Mukai aliangalia nje, kwenye mvua iliyokuwa ikinyesha juu yao wote wawili. Hakucheka. "Nitamwambia," akasema. "Kaa kwanza upate joto. Chai iko."

Risper alikaa. Alikunywa chai, akasikiliza habari za mfereji wa maji unaofungwa na za mtoto wa Mukai anayeota meno. Alimwambia ampake asali kwenye fizi kwa kidole. Mukai akamshukuru, akarudi kwa pasi yake. Risper akarudisha kikombe, akatoka.

Barabara ya Ngong ilikuwa matope matupu pembeni. Alivua viatu akavishika mkononi. Alipofika Kambi Muru hakuingia ndani. Alichukua jembe, akashuka mtoni, na kwa kuwa udongo ulikuwa umelainika vizuri akaanza kuchimba mistari, yeye peke yake kwenye mteremko mzima, maana wengine walikuwa wakingoja manyunyu yaishe. Jirani mmoja alimwona kutoka juu.

"Mama Mboga! Umeshaanza?"

"Nimeanza," Risper akajibu.

Jirani akaingia ndani na kufunga mlango. Risper akaendelea mpaka giza likamzuia kuona mstari. Alilima pale misimu mingine michache, mpaka ukingo nao ukajengwa vyumba. Baada ya hapo alihamia Mashimoni, kule kule Kibera, akawa anauza mboga za kununua sokoni.